Picha ya Mama Yako Harusini

Bawshar, Maskati
Ijumaa

Bibi yangu, shikamoo.

Ile picha ya mama yako uliyonipa niilete harusini, Shangazi Zuwena aliificha nyuma ya maua. "Wakwe watajua tuna asili ya weusi," akaninong'oneza. Mama wa bwana harusi, Mwarabu wa Nizwa, akaiona.

"Nani huyu mzuri?"

"Mama wa babu yangu, Mnyamwezi," akajibu biharusi, yule mjukuu wa kaka yako.

"Basi mbona mmemficha?"

Akaichukua mwenyewe, akaisimamisha kando ya kiti cha biharusi, akapiga kigelegele cha kwanza. Ukumbi mzima ukaitika. Nilicheka huku nalia, wanja wote ukanichuruzika.

Baadaye Shangazi akawa anapita kila meza: "Mmeiona pua ya bibi yangu? Ndiyo hii hii yangu."

Picha sitoirudisha, Bibi, wanaigombea. Nakuletea halua na mabusu tele.

Mjukuu wako,
Salma