Mwalimu, Kompaila Yako Inakimbia

Mwalimu,

Inakimbia! Kompaila yako inakimbia, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nilisimama kabisa, nikafika mlangoni kuelekea kwako, ndipo nikakumbuka kwamba tulikuzika wakati wa mvua. Basi nimerudi kukaa, ninakuandikia.

Karakana yetu ya Mususa bado ipo, na kompyuta yako, ile Pentium ya MMX uliyoiandikia kompaila ya kugeuza maneno yetu kuwa amri za mashine, iko mezani palepale. Kilichobadilika ni kwamba vita vimefunga njia ya Beni. Watu wa huko wanajirekodi kwenye kaseti ili redio ya kanisa iwajulishe jamaa zao wa hapa Butembo kwamba wako hai. Mama mmoja mfanyabiashara huzipitisha mpakani Kasindi, zinafika zimejaa kelele. Pasta aliniuliza kama programu tuliyoanza, ile ya kusafisha sauti, ingesaidia. Nikajibu ndiyo papo hapo. Unaujua mdomo wangu.

Aibu ilinipata. Kaseti moja ilimaliza mafuta ya jenereta ya juma zima, na haikuwa imesafishwa hata nusu. Na katika sanduku la kaseti kulikuwa na moja iliyoandikwa "Masika, Mavivi". Binti yako, Mwalimu. Hakuja kwenye mazishi, tukadhani ni kwa sababu ya njia, na mkeo Mama Masika hakuwa amepata habari yake tangu hapo. Kila asubuhi alisimama mlangoni: "Kahindo, bado?" Niliona haya hata kumtazama.

Nikaanza kusoma amri ambazo kompaila yako inaiandikia prosesa. Nililia kidogo kuona maelezo yako pembeni, halafu nikacheka. Ulikuwa umetupatia maneno maalum ya kuita amri za MMX, zile zinazopiga hesabu ya namba nne za sauti kwa pamoja. Lakini prosesa hii hutumia vyumba vilevile vya kuwekea namba kwa hesabu za desimali, kwa hiyo baada ya MMX ni lazima kuvisafisha. Nawe, mtu wa usafi, uliifanya kompaila irudishe jibu kwenye kumbukumbu na kusafisha vyumba baada ya kila amri. Kila amri, Mwalimu! Ni kama mtu anayenawa mikono baada ya kila tonge la bugali. Atashiba lini?

Mimi na haraka zangu nikafuta usafishaji wote. Programu ikaruka! Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikasikiliza kaseti ya majaribio: kimya, hata kelele zenyewe hazikuwapo. Hesabu ya mwisho, ile ya kupandisha sauti, ni ya desimali, nami nilikuwa nimeiingiza kwenye vyumba vichafu. Nikakusikia kabisa: "Kahindo, kwanza ikuwe juste, kisha ndiyo ikuwe rapide." Usahihi kwanza, mbio baadaye: ulinichosha na maneno hayo. Ulikuwa na haki.

Basi nikaifundisha kompaila kutazama mbele. Majibu yakae vyumbani mpaka mzunguko uishe, halafu isafishe mara moja tu, kabla ya kugusa desimali. Nikawasha jenereta. Kaseti ya Masika ilikuwa tayari kabla uji wangu haujapoa, na mafuta yakabaki ya kutosha sanduku zima! Nilitoka mbio barabarani nikimwita Mama kwa jina, majirani wakadhani kuna moto.

Mngurumo wa ndege za uwanja wa Mavivi ukawa umefifia, sauti ya Masika ikatoka safi: "Mama, niko muzima, na batoto pia. Musiogope." Mama akarusha kitenge chake juu. Tukacheza, mimi na yeye, katikati ya nyaya zako. Kisha Masika akaendelea: "Na weye Baba, ile kikohozi iliisha? Najua uko unasikia."

Mama akaketi sakafuni. Kumbe hakuna aliyemfikishia Masika habari ya kifo chako, Mwalimu. Bado anakuhesabu kati yetu.

Jumapili Mama atarekodi jibu, na ameniomba niwe kando yake atakapofika kwenye neno lile. Nakuahidi nitamshika mkono, na kaseti hiyo nitaisafisha mimi mwenyewe, bila haraka. Lakini swali lilikuwa lako, nami nisingeweza kukaa nalo bila kukufikishia.

Wasingya, asante kwa yote, Mwalimu. Kwa heri. Kikohozi kimeisha.

Kahindo wako