Mto Hauna Foronya

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, ni goti tu linalonisumbua nikikanyaga cherehani. Huko wanakulisha vizuri?

Wamekuja watu wa mto. Wanataka kuvunja zege lote la kingo, waupanue, wapande majani na matete, ili mvua ikinyesha maji yatambae huko badala ya kutuingilia ndani. Sisi wa ukingoni tunatakiwa kuhama. Wote wametia sahihi isipokuwa mimi, na nyumba yetu ndiyo iliyo kwenye kona. Isipotoka, kazi haisogei. Fundi viatu wa nyuma yetu ananitania, "Mama Cherehani, kwani umeolewa na mto?" Anacheka, lakini mwaka jana kwake maji yalifika dirishani, na ana wajukuu watatu.

Mhandisi wao ni msichana mpole. Aliniambia, "Mama, mto unahitaji pa kulala." Unakumbuka mdogo wako alivyokuwa akiuliza kwa nini mto wetu una kitanda cha saruji na hauna foronya? Tangu mafuriko yamchukue, nyumba hii ndiyo inayomjua. Mistari ya penseli tuliyompimia urefu bado iko kwenye fremu ya mlango. Nitatiaje sahihi ivunjwe?

Njoo unisaidie kuamua. Miaka miwili hujakanyaga hapa.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Pole na goti, likande kwa maji moto. Kazi ni ile ile ya udobi hotelini. Napiga pasi foronya mia mbili kwa siku.

Tia sahihi, Mama. Mimi siwezi kuja, na sasa nikwambie kwa nini. Niliwaambia wote kwamba siku ile sikumwona. Nilimwona. Alikuwa ameshatoka nje, miguu mikavu. Mimi nilikuwa juu, kwenye ngazi za duka. Nikaona maji yanakuja, nikapiga kelele, "Mto! Mto!" Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbushwa kitu, akarudi ndani.

Alidhani namwambia asisahau mto wake. Unajua alikuwa halali bila ule mto. Ningesema "maji" angekimbia.

Nisamehe, au usinisamehe.

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

U mzima? Salamu zangu zimechelewa. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi minne. Wiki ya kwanza nilikukasirikia, sikufichi. Niliisukumia chini ya cherehani nisiione.

Sasa nisikilize. Fundi viatu ndiye aliyemtoa majini, na alimkuta ameukumbatia mto. Sikukwambia, maana nilikuwa naficha langu. Asubuhi ile nilimgombeza kwa kuuacha sakafuni. Nikamwambia, "Siku ukilowa, utalalia tofali." Miaka hii miwili nimejua ni mimi niliyemrudisha ndani. Ulipoondoka nilidhani umenijua, ndiyo maana unanikimbia.

Nimetia sahihi. Fundi viatu aliing'oa fremu nzima kabla tingatinga halijafika, akaibeba begani huku analalamika, "Mtoto mwepesi vile, mlango mzito hivi!" Tukacheka. Halafu akaitua, akajipangusa uso kwa shati.

Niandikie.

Mama yako

12 Novemba

Mwanangu,

Hali yako? Goti limepoa, chumba kipya kiko juu mteremkoni na sina ngazi.

Jana ilinyesha mchana kutwa. Nilisimama na majirani kutazama. Maji yalipanda, yakasambaa kwenye majani, yakafika pale palipokuwa jiko letu, yakatulia. Hakuna aliyepiga kelele. Kwa fundi viatu sakafu ni kavu; wajukuu walikuwa dirishani wanahesabu vyura.

Majani yameota pande zote mbili. Mto umepata foronya. Niligeuka nimwambie mdogo wako, kisha nikakumbuka.

Barua yangu ya Julai hukuijibu. Sikulaumu. Ujue tu kwamba chumba kina vitanda viwili, na fremu nimeiegemeza ukutani katikati yake. Mto wake nimeufua, nikaushonea foronya mpya, nikauweka kwenye kitanda chako. Sijaipiga pasi. Hiyo nimekuachia wewe.

Mama yenu