Mabati ya Kaka Mofizul

Manikganj, Bangladesh
20 Mei 1989

Kaka Mofizul,

Barua yako kutoka Kuwait imefika. Kurasa mbili unaulizia mabati, mstari mmoja unamsalimu Amma. Haya, nakujibu kwa mpangilio wako mwenyewe.

Mabati yote ishirini yaliruka. Ng'ombe mweupe amekufa. Bwawa limejaa miti.

Unakumbuka Amma alivyokusihi? "Mwanangu, niachie nyasi zangu, hata zikianguka haziumizi mtu." Ukamjibu kwamba wenzako watakucheka, mama wa mtu wa Kuwait kulala chini ya nyasi! Ukaagiza na jina lako lipakwe rangi nyekundu kwenye bati la mbele, lisomeke tangu barabarani.

Siku ile tulikuwa tumefunga. Amma alikaa uani na kikombe chake cha maji, akisubiri adhana ya magharibi. Kimbunga kikaja kinazunguka, kimeshuka kutoka mawinguni kama mkonga wa tembo. Jirani yetu Hosne aliangukiwa na paa lake la nyasi, yeye na wanawe, wakatoka wanakohoa. Amma alipigwa na bati lako la mbele. Hakuwahi kufuturu.

Usitume mengine. Nimeezeka nyasi. Bati lile nimelisimamisha kichwani mwa kaburi lake. Ukija, usisumbue watu kuwauliza njia. Jina lako linasomeka tangu barabarani.

Ni mimi dada yako Rahela, ambaye hukuuliza kama yu hai.