Mama Anakusikiliza Kila Jumanne

Bagamoyo, 14 Januari 2024

Wazazi wangu, Baba na Mama,

Shikamooni. Ni matumaini yangu mu wazima. Huku mimi na mume wangu Mikdad tu salama, shida ni joto tu. Simu huko shambani haishiki, kwa hiyo nampa barua Feisal anayekuja kuchukua mananasi.

Nina habari. Nimepata kazi! Wale watu wa afya wamenipa kipindi redioni, kila Jumanne saa nne asubuhi. Kazi yangu ni kuwahimiza watu wale mboga za majani na matunda. Baba usicheke. Najua mchicha wewe unauita chakula cha mbuzi. Lakini hebu tujitazame: tunalima mananasi na mapapai, tunauza yote, halafu sisi wenyewe tunakula ugali na dagaa mwaka mzima. Presha na sukari zinatumaliza. Mama, uwe unafungua redio, na Baba akusomee barua hii mara mbili.

Binti yenu,
Dija

Miono, 9 Februari 2024

Mwanangu Dija,

Marahaba. Alhamdulillahi sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako anakusikiliza kila Jumanne. Ikifika saa nne hakuna kutwanga uani, hakuna kukohoa. Majirani wanakuja na watoto wao, naye anawaambia, "Huyo anayesema nimemzaa mimi," kana kwamba kuna aliyebisha. Juzi alimpokonya Feisal mananasi matano mazuri kuliko yote akasema haya ni ya nyumbani, mwanangu kasema. Feisal alinitazama mimi, nami nikatazama pembeni.

Mchicha sasa tunakula kila siku. Naula kwa sababu sina pa kukimbilia. Hongera mwanangu, umetupa heshima.

Baba yako,
Maulidi

Miono, 29 Machi 2024

Mwanangu Dija,

Nakusalimu kwa mwezi huu mtukufu. Sisi hatujambo. Mama yako ndiye mwaka huu hafungi, ana udhuru kidogo. Miguu inamvimba na anachoka upesi. Ni uzee tu, usije ukapanda gari kwa jambo hilo. Ananiambia nikuandikie kuwa kile kipindi cha futari kilikuwa kizuri, na kwamba uongee polepole, unakimbia mno.

Baba yako,
Maulidi

Bagamoyo, 4 Aprili 2024

Baba na Mama,

Shikamooni, na poleni kwa swaumu. Sisi wazima.

Baba, miguu ikivimba huenda ni presha. Mama apunguze chumvi. Ale ndizi mbivu mbili kila siku, mchicha kwa wingi, na asubuhi umwangulie dafu. Haya ninayasema redioni kila wiki, sasa namwambia mama yangu mwenyewe. Mama, tafadhali, usinifanyie ukaidi.

Idi sitaweza kuja, tumepewa kipindi maalumu cha sikukuu. Nitakuja mwezi wa tano, inshallah.

Binti yenu,
Dija

Miono, 22 Aprili 2024

Mwanangu Dija,

Idi ilikuwa njema. Sisi hatujambo. Mama yako anafuata kila ulichosema, hata dafu. Ukija mwezi wa tano itakuwa vizuri. Ukiweza kuja mapema zaidi, njoo mapema.

Baba yako,
Maulidi

Bagamoyo, 19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Tangu nirudi kutoka arobaini ya Mama sijalala vizuri.

Siku ile tulipokuwa tunagawa khanga zake na Shangazi Mwanamvua, nilikuta karatasi ya hospitali chini ya sanduku. Imeandikwa figo zake zimechoka. Chini kuna picha za vyakula vilivyokatazwa, kila kimoja kimepigwa msalaba: ndizi, chungwa, dafu, mchicha. Nimemuuliza daktari wa huku. Amesema vyakula hivyo ni afya kwa watu wengi, lakini kwa mwenye figo za namna ile vinaweza kuusimamisha moyo.

Karatasi ina tarehe ya Desemba, Baba. Kabla sijatamka neno lolote redioni. Kumbe mimi ndiye niliyemlisha. Nilihesabu mpaka idadi ya ndizi. Wewe ulijua?

Dija

Miono, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Nilijua. Karatasi niliipokea mimi na nikamsomea mimi, maana mama yako hakujua kusoma. Aliniapisha nisikuandikie. Alisema ukisikia utaacha kutafuta kazi uje kumuuguza.

Ulipoanza kipindi nilimsomea tena. Siku moja nilimnyang'anya ndizi mkononi. Alikasirika, mwanangu, sijawahi kumwona vile. Alisema, "Maulidi, hiyo karatasi kaandika mtu asiyenijua hata jina. Huyu wa redioni nimembeba tumboni. Watu wote wa Miono wamsikilize, mimi mama yake nimtupilie mbali?" Nilimrudishia ndizi.

Utaniuliza kwa nini sikuandika hata mstari mmoja. Kila nikishika kalamu alikuwa ameketi mkekani kando yangu. Nikimaliza ananiambia, "Haya nisomee." Sikuwa na ujasiri wa kumwandikia mwanangu jambo na kumsomea mke wangu jingine. Nikaandika hatujambo. Ile ya mwisho nilitaka uelewe mwenyewe, nikakwambia njoo mapema. Ndio woga wangu wote huo.

Basi kosa ni langu. Wewe ulisema kweli, hukujua tu unasema na mgonjwa gani. Usiache kipindi. Wanawake wa huku wanaendelea kupika mboga, na mtoto wa jirani yetu Rehani aliyekuwa amenyauka sasa anakimbia. Sema vile vile, ila uongeze kuwa mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Watu wajue.

Baba yako,
Maulidi

Miono, 14 Agosti 2024

Mwanangu Dija,

Sijapata jibu lako. Jumanne nilifungua redio saa nne, akasema mwanamume. Jumanne iliyofuata, huyo huyo. Anasema vizuri, lakini hajui watu wa huku.

Feisal amepita kwako. Anasema Mikdad alimfungulia, wewe hukutoka chumbani. Anasema kazi umeiacha, na umekonda.

Sina la kukuamrisha tena. Mimi niliyenyamaza wakati wa kusema, sasa nanyamaziwa, na ni haki yangu. Lakini nimezika mke mwaka huu, na mtoto sina mwingine. Kama huwezi kuandika usiandike. Panda gari uje unigombeze. Sema yote, kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Baba yako,
Maulidi