Kufunga kwa Idrisa

Tunduma,
Ramadhani imebaki kidogo

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute magoti yametulia na kile kikohozi kimeshakuhama. Sisi huku wazima. Baridi ndiyo haina huruma. Baba Idrisa anauza mitumba yake mpakani kama kawaida, wifi yangu Zuhura bado yupo kwetu na bado anajua kila kitu. Salamu zimekwisha, Mama, sasa nakuja kwenye mashtaka.

Kanzu nimeipata. Kofia nimeipata. Tende nimezipata, mfuko mzima. Na maneno yako Athumani dereva kanifikishia yote, kasimama mlangoni kama katumwa na serikali: "Mama amesema mtoto akishaanza vizuri asikatishwe. Mwacheni aendelee." Haya, makubwa! Mtoto wa miaka mitatu na ushee! Athumani anasema mtaa wako wote wa Utemini unajua mjukuu wako amefunga Ramadhani, na mwalimu wa madrasa kamtolea mfano kwa wale wakubwa wanaokula mchana kwa kujificha.

Mama, Idrisa hakufunga saumu. Idrisa alifunga choo.

Athumani alipopita na lori lake akirudi Singida, nilimwambia hivi: "Mwambie Mama, Idrisa amefunga, siku kadhaa sasa. Amwombee dua, na anitumie mlenda mkavu." Neno choo sikulitamka. Athumani ni mwanaume mtu mzima, ningeanzaje kumsimulia haja kubwa ya mwanangu barabarani? Nikajua wewe ukisikia mlenda utaelewa. Naye mlenda akausahau njiani, akakuletea hilo la kufunga peke yake.

Mambo yalianza na mfungo wenyewe. Mchana jiko langu halina moto, kwa hiyo mtoto nampa mkate mweupe na maziwa ya kopo. Tangu kila kitu kiwe ruksa maduka ya huku yamefurika, biskuti za kila rangi, na baba yake harudi mikono mitupu. Maji Idrisa hanywi, anasema yanamuuma meno kwa baridi. Na mimi koo limekauka tangu alfajiri, sikukumbuka kumuuliza mwenzangu kama ana kiu.

Siku moja choo kikatoka kigumu kama kokoto, akalia sana. Basi kuanzia hapo akakiogopa. Haja ikimjia anajificha nyuma ya mlango, kakaza miguu, uso umemwiva, ukimuuliza anasema, "Sina kitu." Tumbo likajaa, chakula akakataa, kucheza akaacha.

Zuhura akaja na bomba la kumtilia maji ya sabuni kwa nyuma. "Sisi kwetu tulipigwa bomba wote na tumekua."

"Wifi, weka hilo bomba chini," nikamwambia. Akanuna.

Baba Idrisa yeye alikata shauri: "Kama hapa kulea kumetushinda, Idi ikipita nampeleka kwa bibi yake Singida. Akanywe uji wa uwele, apone." Hilo liliniuma, Mama, nakwambia kweli. Nakupenda, lakini mwanangu sikupi.

Nilipoona damu kidogo kwenye choo chake niliogopa, nikambeba hadi zahanati. Muuguzi akambonyeza tumbo, akauliza kama anatapika, kama ana homa. Akamtazama, akasema amechanika kidogo kwa ule ugumu, na ndiyo maana anabana. Bomba la sabuni akakataza, na dawa ya kuharisha ya watu wazima akaikataza kabisa. Akasema tumbo likivimba na kukaza, au akianza kutapika, au damu ikizidi, nisikae nyumbani, nimpeleke hospitali.

"Anakunywa nini?" akaniuliza.

"Maziwa."

"Na maji?"

"Mimi nimefunga, sikukumbuka."

"Wewe ndiye uliyefunga, mama. Mtoto unamfungisha kwa nini?"

Nilirudi nikawasha jiko mchana kweupe. Maharage, majani ya maboga, uji wa unga usiokobolewa. Papai na parachichi huku hazina shida. Maji nampa ya uvuguvugu, kidogo kidogo kutwa nzima, kwenye kikombe chake chenye picha ya jogoo. Maziwa nimeyapunguza, biskuti nimezifungia kabatini na ufunguo uko kiunoni kwangu. Kila akimaliza kula namkalisha kwenye poti, miguu kaikanyagisha kwenye tofali, sina haraka naye na sigombi. Majirani wameona moshi mchana wa Ramadhani, basi wananong'ona kuwa Mama Idrisa anakula. Hebu ona! Kwako mtoto ni sheikh, kwangu mama yake hana dini.

Hapo ndipo Athumani alipoleta mzigo wako. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaziangalia zile tende. Nikatoa kokwa, nikaziloweka kwenye maji ya moto, nikaziponda. Idrisa akala, akanywa na maji yake, akaomba tena. Habari uliipata vibaya, Mama, lakini dawa uliipatia.

Haikuwa papo kwa papo. Ila jana, adhana ya magharibi ndiyo kwanza imeanza, tende ziko midomoni, tukasikia huko nyuma ya pazia: "Mama! Kimetoka! Hakijauma!" Zuhura akapiga kigelegele. Baba Idrisa akaacha futari, akaenda kuchungulia poti kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. Aliporudi akanawa, akakaa, akasema, "Uji wa uwele hata huku unapikika." Habari za Singida hazijatajwa tena.

Muuguzi kaonya tusilegeze, maana mtoto akisikia maumivu mara moja tu ataanza kubana upya. Kwa hiyo mlenda bado nauhitaji. Safari hii mpe Athumani mkononi, usimpe maneno.

Nisalimie shangazi hapo nyumba ya pili, na mjomba wa Kinyangiri akija mjini kuuza mbuzi. Mwalimu wa madrasa msalimie kwa adabu, ila hadithi yote usimpe. Kanzu imemkaa vizuri Idrisa, na siku ya Idi ataivaa.

Na hao wanawake wa Utemini wakikuuliza, usijiaibishe na usiseme uongo. Waambie Idrisa alifunga, na alifungua kwa tende za bibi yake.

Mwanao anayekukumbuka,
Mama Idrisa