Nyumba ya Kumi na Tisa

Iringa,
9 Juni, 1956

Kaka yangu mpendwa Jailos,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji yangu na wote walio nyumbani mwako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka.

Siku zetu hapa chuoni hazina nafasi. Kengele hulia saa kumi na moja alfajiri. Baada ya sala tunaingia darasani mpaka saa saba, kisha jembe, kisha Kiyunani, ambacho kichwa cha mtu wa miaka arobaini na sita hukipokea kwa shida. Jumapili mimi huendesha baiskeli maili tisa kwenda kuhubiri, na maili tisa kurudi. Vijana wa darasani huniita Babu. Mmoja wao, Philbert, aliniuliza mbele ya wote kama nilimfahamu Nuhu ana kwa ana. Nilimjibu kwamba mimi ndimi niliyemfundisha kusoma. Walicheka sana, nami nikacheka, kisha nikasinzia somo lililofuata likiendelea.

Uliniuliza kwa nini mwezi wa Aprili nilikuwa huko Mbeya siku kumi na mbili, nawe hukuniona ila kanisani. Chuo kilitupa likizo, lakini kila mwanafunzi alikabidhiwa daftari la ziara. Tuliagizwa kwenda nyumba kwa nyumba katika usharika wa kwetu, kusali na wenyeji, na kuandika hali ya kila nyumba katika safu zilizopigwa mistari: wazima, wagonjwa, wajane, waliorudi nyuma kiimani. Nyumba zisipungue thelathini. Mchungaji wenu alinipa kitanda kwake, kwa kuwa hapo ni katikati ya mitaa yote, nami nilikubali.

Nilifikisha nyumba thelathini na nane. Tuliporudi, Mwalimu Mkuu alilisifu daftari langu mbele ya darasa, akasoma kwa sauti habari za nyumba ya kumi na tisa ziwe mfano wa maandishi mafupi na safi. Niliinamisha kichwa. Wenzangu walidhani ni unyenyekevu.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Mwezi huu baraza la wazee litapokea karatasi kutoka chuoni. Inawataka mshuhudie kwa sahihi zenu kwamba naisimamia nyumba yangu vema, ili niwekewe mikono ya uchungaji mwezi wa Novemba. Wewe ndiwe karani wa baraza, na sahihi ya kwanza ni yako. Ni lazima basi ujue jambo ambalo Atuganile hatakuambia, kwa sababu mke wangu hajapata kunishtaki kwa mtu.

Nyumba ya kumi na tisa ni nyumba yangu.

Siku ya saba, alasiri, nilikuwa nikitoka kwa mzee Abrahamu kuelekea mtaa wa pili, na njia ikanipitisha mlangoni pangu. Atuganile alikuwa uani akichambua maharage. Alinipa kiti, akaniletea togwa, akawaita watoto, nao wakaketi kimya, mikono mapajani, kama wanavyoketi mbele ya mchungaji. Nilisoma Zaburi ya mia na ishirini na nane, nikaomba, nikauliza habari za afya. Kisha, kaka, nikatoa daftari.

Sikufanya hivyo kwa dharau. Mkono ulikuwa umezoea. Nilikwisha kuandika jina lake na hesabu ya watoto nilipotambua kwamba amesimama nyuma yangu anasoma. Aliniuliza, kwa sauti ile anayoulizia bei sokoni, atawekwa katika safu ipi. Akaniambia niandike mjane, kwa kuwa ndivyo majirani wanavyomhesabu wakija kumsaidia shambani. Binti yetu Esta alicheka, akidhani ni mzaha. Mama yake akamwambia anyamaze, mgeni anataka kuondoka. Walinisindikiza hadi barabarani kwa adabu nzuri kabisa. Niliandika wazima. Sikurudi kulala pale hata usiku mmoja.

Jana nilimweleza Mwalimu Mkuu yote. Alinisikiliza kwa upole, akasema kwamba mambo ya nyumbani huweza kutengenezwa hata baada ya kuwekewa mikono. Akaniasa kwamba nikiacha mwaka huu upite, hana hakika kama mtu wa umri wangu ataitwa tena. Nilimwambia nimeelewa, nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Amenipa.

Kwa hiyo nakusihi usitie sahihi. Ukiulizwa sababu, wasomee wazee barua hii. Nitavuna mahindi pamoja na mke wangu mpaka gunia la mwisho, nami nitakaa hata baada ya hapo. Nisipoitwa tena, nitarudi kushika chaki, wala sitasema kwamba nimeonewa.

Nitapanda basi wiki ijayo. Tafadhali usimtajie Atuganile siku. Nimekwisha kumtajia nyingi, na kila mara alipika bure.

Nipelekee heshima zangu kwa mama, na umwambie shemeji kwamba soksi alizonifumia ndizo zinazonisitiri katika baridi ya huku. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Fanueli