Dada Skola, Namba za Mchombe Zinafika

Dada Skola,

Shikamoo. Najua ulikuwa hupendi nikuamkie hivyo mbele ya wateja, ulisema nakuzeesha. Leo huwezi kunikatiza, kwa hiyo nakuamkia nipendavyo. Shikamoo, dada yangu.

Nimekaa ofisini kwako, kile chumba cha nyuma ya stationari, hapa Ifakara, ambako siku hizi naangalia mimi. Mashine ya fotokopi bado inatafuna karatasi. Feni uliiacha ikizunguka kwa kulalamika na mpaka leo inalalamika. Ni asubuhi, mvua imekatika, na watu wanapita barabarani na majembe kwenda kuangalia kilichosalia mashambani. Nina habari nzuri ya kukupa. Nimeibeba wiki nzima nikitafuta mtu wa kumsimulia kwa urefu, na kila nikifikiria nani ataielewa sawasawa, jina linalokuja ni lako.

Lakini kwanza niseme linalonichoma.

Ule ujumbe wako wa mwisho kwenye kundi niliuona. Niliuona dakika ile ile ulipoingia. Uliandika: "Jamani nimekwama. Namba za Mchombe siku nyingine zinafika, siku nyingine hazifiki. Nimetazama mpaka macho yanauma. Mnaona nini hapa?" Chini yake ukaweka picha ya skrini. Mimi nilikuwa kibandani kwangu stendi, nimefungua simu ya mteja, bisibisi mkononi. Nikasema moyoni, nitamjibu jioni. Na nadhani kila mmoja wetu alisema hivyo hivyo. Kesho yake ukalazwa. Tukajua ni zile figo zako, tukajua utarudi kama siku zote. Wiki haikuisha, ukatutoka.

Ujumbe wako ukabaki pale. Umesomwa na wote, haujajibiwa na mtu.

Kundi ulilianzisha wewe, ukaliita Tumekwama, ili sisi tunaoandika programu katika bonde hili tuache kuoneana aibu. Nakumbuka nilivyokujia mara ya kwanza. Nilikuwa nimepoteza siku mbili nzima, programu yangu haifunguki, nimeshaamua kwamba kompyuta ni za watu wenye akili nyingine, mimi nirudi kwenye vioo vya simu. Ukavuta kiti. Ukaanza kusoma mistari yangu kwa sauti, kidole kikiwa kwenye skrini, kwa Kiswahili chako cha kutafsiri papo hapo: "Kama mteja amelipa, basi mpe risiti, kama hajalipa..." Ukaniuliza, "Hapa ulifungua mabano. Umeyafunga wapi?" Sikuwa nimeyafunga popote. Siku mbili za maisha yangu, alama moja. Nikataka ardhi inimeze. Wewe hukucheka. Ulisubiri niiweke ile alama, programu ikafunguka, ndipo tukacheka mpaka mteja wa fotokopi akachungulia mlangoni. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya kundi: cheka baada ya kusaidia.

Basi ulipoondoka, hakuna aliyeandika tena. Nani angeandika "jamani nimekwama" chini ya ujumbe wako ambao haukujibiwa? Miezi miwili kundi lilikuwa kama nyumba iliyofungwa.

Baada ya ibada ya arobaini kule kwenu Sanje, mama yako aliniita pembeni. Alikuwa ameishika kompyuta yako, ameifunga kwenye kitenge. Akasema, "Alisema kama ni ya kazi, apewe Kasiani." Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilipanda basi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

Ilinichukua siku kadhaa kuiwasha. Nilipoiwasha nikakuta kila kitu ulivyokiacha: ile programu yako ya mto. Nilikuwa nimekuona ukiijenga, lakini sikuwahi kuisoma mwanzo hadi mwisho. Ni programu nyepesi, dada, na ni nzuri. Watu wa vijiji wanasoma nguzo ya vipimo mtoni kila asubuhi, wanatuma meseji yenye jina la kijiji na kimo cha maji. Programu inapokea, na maji yakivuka alama ya hatari, inawatumia meseji watu wote wa bondeni wahamishe watoto, mifugo na magunia. Kwa kila fungu ulikuwa umeandika maelezo kwa Kiswahili. Mahali pamoja umeandika: "Kasiani, ukisoma hapa usiguse." Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Nikaanza kutafuta lile ulilotuuliza. Nikazipanga siku zote za kijiji cha Mchombe. Mita tatu nukta nne, imefika. Tatu nukta sifuri tano, haikufika. Mbili nukta nane, imefika. Tatu nukta moja sifuri, haikufika. Nikaona! Zilizopotea zote zina sifuri. Nikajisifu mwenyewe kwa sauti hapa ofisini. Nikachukua simu yangu, nikatuma tatu nukta sifuri tano nikijifanya niko Mchombe, nikasubiri programu iikatae.

Ikaipokea. Bila shida yoyote.

Nikatuma tena. Ikapokea. Nikatuma kila namba yenye sifuri niliyoweza kuifikiria, zote zikapita kama maji. Dada, unajua hasira ya kosa linalojificha unapolitazama? Nilisoma programu yako mstari kwa mstari siku tatu. Nilikulaumu wewe, nikalaumu mtandao, nikalaumu ile seva tuliyopangishiwa. Nilimkaripia mteja aliyekuja tu kuulizia chaja. Siku ya nne nikafanya nilichokuwa naogopa. Nikafungua kundi, nikaandika chini ya maneno yako: "Jamani nimekwama. Ni lile la Dada Skola."

Dakika moja. Mbili. Halafu Teddy akajibu. Teddy wa Kidatu, yule anayeshughulikia kompyuta kule kwenye mashamba ya miwa, ambaye wewe ulikuwa unasema anaandika programu kama anayepanga vyombo kabatini. Aliandika, "Nilikuwa nasubiri mtu aanze. Nimekuwa naona haya." Baada yake wakaja wengine, kila mtu na la kusema. Tulizungumza mchana kutwa. Nusu ya maneno yalikuwa ya programu, nusu yalikuwa yako wewe. Mwishoni Teddy akaniuliza swali dogo: "Huyo anayetuma hizo namba, umeshamuona akizituma?"

Sikuwa nimemuona. Na nina hakika hata wewe, kwa hali uliyokuwa nayo miezi ile ya mwisho, usingeweza kwenda.

Kesho yake nikaenda Mchombe. Anayesoma nguzo kule ni Mama Kulwa, mama wa Kisukuma, wana mpunga na ng'ombe, nyumba yao inatazamana na mto. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, halafu akaniamkia tena Kisukuma, mwangaluka, akanifundisha namna ya kuitikia mpaka nikapatia. Alinipa pole kwa ajili yako, dada. Alisema, "Yule binti alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu, ananiuliza habari za miguu yangu kwanza, ndipo za maji." Sikulijua hilo. Alinipa uji, tukashuka mtoni, akasoma nguzo, nami nikaisoma pia nihakikishe. Tatu nukta sifuri mbili. Akatoa kitochi chake mfukoni, kile kidogo cha vitufe, akaanza kuandika.

Nikamtazama kidole. M, C, H. Anaandika polepole, anatamka kila herufi. Akamaliza jina, akaandika tatu, akaweka nukta. Ilipofika sifuri, kidole hakikwenda kwenye kitufe cha sifuri. Kilikwenda kwenye sita, akakibonyeza mara tatu.

Herufi O.

Nikamwambia, "Mama, sifuri si hii hapa chini?" Akanijibu, "Hiyo yenu ina kasoro. Nikiibonyeza inaniachia nafasi tupu. Nikatafuta nyingine inayofanana nayo."

Mimi, Kasiani, fundi simu! Nimefungua vitochi hivi tangu nikiwa kijana, najua fika kwamba kitufe kile usipokishikilia kinaweka nafasi tu, sifuri haiji. Najua, na sikufikiri. Na kwenye ile picha yako ya skrini O ilikuwa pale pale, mviringo wake umenona kidogo kuliko sifuri, wote tumeitazama na hatukuiona.

Nikacheka. Halafu nikashindwa kuacha kucheka, halafu kicheko kikageuka, nikachutama pale ukingoni na uso mikononi. Mama Kulwa akashtuka. "Nimeharibu nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Hujaharibu kitu, mama. Sisi ndio hatukuja kukuona." Nikamwonyesha kukishikilia kile kitufe. Akajaribu mara mbili, akasema kidole kinauma, yeye ataendelea na ile yake. Nikamwambia endelea nayo, mama. Programu ndiyo itakayojifunza.

Nikarudi Ifakara siku hiyo hiyo. Mstari mmoja tu, dada. Ukikuta herufi O, ifanye sifuri. Nikaandika, nikajaribu kwa namba za Sanje, ikakubali. Nikatangaza kundini kwa mbwembwe kwamba lile la Dada Skola limekwisha. Asubuhi Mama Kulwa akatuma. Programu ikakataa. Kesho yake ikakataa tena, na sasa ilikataa hata zile namba ambazo hazina sifuri! Nilikuwa nimeharibu hata kile kilichokuwa kinafanya kazi. Pale ambapo ulinikataza kugusa, ndipo hasa nilipogusa.

Mwanzoni nilitaka kunyamaza. Ndiyo, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimeshapongezwa na watu wote. Nikakaa na aibu yangu mpaka saa nne, halafu nikauweka ule mstari kundini kama ulivyo. Teddy alihitaji muda wa kunywa chai tu. Akaandika mstari sahihi kwanza, ndipo maelezo: "Kasiani, umebadilisha O zote. Hata ile iliyomo kwenye jina Mchombe. Kijiji kina sifuri katikati, programu haikijui tena." Sanje haina O, ndiyo maana ilikubali. Baada ya hapo ndipo akatuma kicheko, na kundi zima likaangua. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ututoke.

Tukaongeza na jingine, wazo la Teddy. Zamani meseji isiyosomeka programu iliitupa kimya kimya. Sasa inamjibu aliyetuma: "Hatujaelewa namba, tafadhali tuma tena." Naamini ungelipenda.

Na sasa ile habari yenyewe.

Wiki iliyopita masika yalishuka kwa hasira. Siku mbili mfululizo hatukuuona mlima kwa mawingu. Alfajiri ya siku ya tatu, kumekucha tu, simu yangu ikalia, meseji ya programu: Mchombe, nne nukta sifuri sita. Juu ya alama ya hatari. Nikafungua kompyuta yako, nikaangalia meseji halisi aliyoituma Mama Kulwa. Ilikuwa na herufi O, dada. Ileile. Kama ingekuwa mwaka jana ingetupwa, na hakuna ambaye angejua.

Meseji zilikuwa zimeshatoka kwa watu wote wa bondeni. Nikawa nasubiri, sijui nifanye nini, naifuta meza ambayo ni safi. Nikampigia Mama Kulwa hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mchana ndipo akapiga yeye, upepo unavuma ndani ya simu, ananipigia kelele: "Watoto wako juu! Ng'ombe wako juu! Maji yako nyumbani kwangu, yamekuta kitanda tu!"

Nyumba kadhaa za bondeni ziliingiwa, na mpunga umelala, sitakudanganya. Watu wana kazi kubwa mbele yao. Lakini hakuna aliyepotea, dada. Hakuna hata mmoja. Kaya zote za bondeni zilihesabiwa shuleni walikohamia, na zilikamilika.

Niliandika jibu kundini, chini ya ule ujumbe wako. Nilisema: "Dada Skola, tumeona. Ilikuwa herufi O." Nimechelewa. Najua nimechelewa. Unisamehe.

Tangu hapo kundi halinyamazi. Watu wawili wapya wameingia, mmoja ni mwalimu wa Mlimba, jana alikwama kutwa kwa sababu ya koma. Jumamosi Teddy atashuka na basi kutoka Kidatu, tutakwenda kwenye vijiji vingine vya mto, tukae na kila anayesoma nguzo, tumtazame anavyoandika. Tutapitia kwa mama yako pia. Ametuma salamu kwamba ametutengea ndizi.

Sasa nakuaga, dada yangu. Mteja amesimama mlangoni na karatasi za kufotokopi. Ahadi yangu ni hii: nikikwama nitasema, sitakaa na aibu. Na mtu yeyote akikwama, nitamjibu siku hiyo hiyo, hata kama sina jibu. Nitamwambia sijui, lakini niko hapa, tutazame wote.

Pumzika salama.

Mdogo wako,
Kasiani